Kipande cha Namba Arobaini na Moja

Safari nzima ilinigharimu rial mia saba na thelathini, kifundo cha mguu wa bibi mmoja wa Kiskoti, na saumu saba za mamangu. Rial nimezihesabu mara mbili na zimetimia. Kifundo kimeshapona, nimeuliza. Saumu nne zimeshafungwa, tatu bado, na hizo tatu ndizo zinazonikosesha raha hata ninapoandika haya, kwa sababu deni ni langu na anayelipa ni mwengine.

Mimi ni muuza spea za magari, Wadi Kabir hapa Muscat, mwaka wa ishirini na sita huu. Kazi yangu ni kukaa kitini, kutaja bei, kusikiliza malalamiko, kisha kutaja bei nyengine. Miaka mitano nyuma daktari alinipima akaniambia sukari iliyomkamata mamangu imeanza kunitazama na mimi. Nitembee, akasema, dakika arobaini kila siku. Nikamwambia tufanye ishirini. Hakucheka.

Aliyenitoa kitini ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwalimu wa chuo kikuu. Wazee wake walitoka Bujumbura kama wetu walivyotoka Unguja, na mpaka leo anazungumza Kiswahili cha bara, nami namcheka kila siku, naye hunilipa kila siku. Yeye ndiye aliyenipeleka kwenye majabali ya nyuma ya Al Amerat, pale nyumba mpya zinapokwisha na mawe kuanza. Tulitembea, kisha tukaanza kukimbia kidogo, watu wanne wenye vitambi, baada ya sala ya Alfajiri na kabla jua halijatuona. Mlima wetu hauna hata mti mmoja wa kujifichia. Mawe yake yanakatika chini ya kiatu kama biskuti. Lakini ukifika juu, unaiona Muscat yote imelala nyeupe mpaka baharini, unajihisi umeinunua, na kwa bei nzuri.

Mlima huo ni wetu kuanzia Oktoba mpaka Machi. Ikifika Mei, hata alfajiri, ukiweka mkono juu ya jiwe unakutana na joto la jana. Kila kiangazi shemeji alikuwa akihadithia Uskoti, alikosomea ujanani.

"Kule kila kijiji kina mbio zake za mlimani," alisema. "Julai, Agosti. Watu wanapanda mlima, wanateremka, wanakunywa chai, basi."

"Wanalipwa ngapi?"

"Wanalipa wao, shemeji."

"Wanalipa ili wateseke?"

"Paundi nane tu."

"Na chai?"

"Chai bure."

Nikamwambia basi tunakwenda.

Uwanja wa ndege nilizima simu yangu. Kampuni ya simu inatoza rial mbili kila siku ukitumia laini yako ugenini, na mimi rial mbili siitoi kwa mtu ambaye hata sura yake siijui. Shemeji alinunua laini ya huko, nikamwambia laini moja inatutosha. Mimi na wewe tutakuwa pamoja wakati wote, nilimwambia, kuna haja gani ya kupigiana? Nakumbuka maneno hayo vizuri. Nimeyarudia moyoni mara nyingi kuliko uradi.

Mbio zenyewe zilikuwa Jumamosi, saa sita mchana, katika kijiji kilicholala baina ya mlima na ziwa. Tuliandikishwa kwenye ukumbi unaonuka soksi na keki. Nyuma ya meza alikaa bibi mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa kama za askari, miguu imekaza kama waya. Niliambiwa baadaye ana miaka sabini na moja na kwamba mlima ule ameupanda mara nyingi kuliko siku nilizofungua duka langu. Wakati ule niliona bibi tu, na kisanduku cha pesa.

"Mama," nilimwambia kwa Kiingereza changu cha dukani, "tuko wawili na tumetoka mbali. Tufanyie kumi na mbili kwa wote."

Shemeji akatazama dari.

Bibi akavua miwani. "Mmetoka wapi?"

"Muscat. Oman."

"Huko hakuna milima?"

"Tele."

"Na kupanda ni bure?"

"Bure."

"Basi ungepanda ya kwenu," alisema. "Paundi kumi na sita."

Nilimpenda papo hapo. Nikalipa. Kisha akasema nitoe vitu vyangu mezani: koti la mvua, filimbi, ramani, dira. Ndiyo kanuni yao, hakuna anayepanda bila vitu hivyo hata jua likiwaka. Akavihesabu kwa ncha ya kalamu, moja, mbili, tatu, nne, kisha akarudi nyuma akavihesabu tena. Sijapata kumwona mtu mwengine anayehesabu vitu vinne mara mbili isipokuwa mimi.

Halafu akanipa karatasi ya kubandika kifuani, namba arobaini na moja, na chini yake kipande kidogo chenye namba ile ile, kimetobolewa matundu ili kichanike.

"Hiki kipande ni changu," alisema. "Ukimaliza mbio unaniletea. Ukichoka njiani unaniletea. Ukiumia, ukigombana na mwenzako, ukiamua kurudi Oman kwa miguu, kwanza unaniletea kipande changu. Leo wamejiandikisha watu sitini na tatu. Vinapanda sitini na tatu, vinateremka sitini na tatu. Siendi nyumbani mpaka vitimie."

"Na visipotimia?"

"Tunapanda kukutafuta."

Nilitikisa kichwa kukubali. Kila siku wateja hunitikisia kichwa vivyo hivyo ninapowaambia kuwa spea ikishatoka dukani hairudi. Kanuni nimeisikia, nimeifahamu, nimeiweka pembeni.

Nje kulikuwa na mvua ambayo haianguki, imesimama hewani tu, na usubi unaouma mpaka ndani ya masikio. Nikamuuliza shemeji, "Hiki ndicho kiangazi chao?"

"Ndicho. Kitakwisha saa kumi."

Wakapiga kengele tukaondoka. Mimi nimezoea mlima wa mawe, mlima mkavu, mlima mkweli: unapoona jiwe, ni jiwe. Wa kwao umevaa majani. Unakanyaga kijani kizuri, mguu unazama mpaka goti, na maji ni baridi kiasi cha kukusahaulisha jina lako. Vichaka vilikuwa vimetoa maua ya zambarau na kondoo walitutazama kama tunaowadai. Mzee mwenye ndevu za kufika kifuani alinipita akaniambia, "Vizuri sana!" Ukiambiwa hivyo na mtu anayekupita, hilo ni tusi. Kisha akanipita mwanamke aliyevaa mpaka gauni. Shemeji alinisubiri mara mbili, ya tatu nikamwambia, "Nenda bwana, unanichelewesha." Akacheka, akaingia kwenye ukungu, sikumwona tena.

Nilikuwa wa mwisho. Nilijua kwa sababu niligeuka nyuma nikahesabu: hakuna. Nikageuka tena: hakuna.

Kwenye thuluthi mbili ya njia kulikuwa na uzio wenye lango. Kutoka langoni njia moja inapanda kileleni, ambako kijana wao amekaa na daftari anaandika namba za wanaofika. Njia nyengine inateremka upande wa pili wa mlima. Niliposimama pale kupumua, ukungu ulifunguka kidogo, kama mtu aliyesogeza pazia, nikaona chini barabara ya lami, na pembeni mwa barabara nyumba inayotoa moshi, na mbele ya nyumba kibao cha chai.

Nikapiga hesabu. Kileleni dakika arobaini, kuteremka saa nzima, na miguu yangu imeshatoa taarifa ya kujiuzulu. Kwenye chai, dakika ishirini na tano, mteremko mtupu. Zawadi sipati. Paundi nane imeshakwenda. Kipande cha yule bibi nitampelekea jioni kwa teksi. Nani atapata hasara? Nilihesabu mara mbili, na mara zote mbili hesabu ilitoka sawa, kwa sababu mara zote mbili nilijihesabu mimi peke yangu.

Nikafungua lango nikateremka.

Chai ilikuwa nzuri. Lazima niseme hivyo, maana nimejaribu kuikumbuka vibaya nikashindwa. Kulikuwa na moto wa kuni, birika zima la mtu mmoja, na kimkate cha zabibu chenye malai na jamu. Yule muuzaji nilimwombea birika la pili kwa nusu ya bei, akanipa bure. Nikavua viatu. Nikaiweka kofia yangu nyekundu juu ya meza ikauke karibu na birika. Koti nililifunga mpaka shingoni. Saa ya ukutani ilipita saa nane, ikapita saa tisa, nami nilikuwa nawaza namna nitakavyomwadhiri shemeji kwa ujanja wangu.

Saa kumi kasorobo mlango ukafunguliwa akaingia mtu mzima, ameroa mpaka kope, tope mpaka kiunoni. Hakukaa. Akamwambia muuzaji, "Tunamtafuta mtu. Mgeni, Mwarabu, miaka hamsini hivi, kofia nyekundu. Saa tatu sasa hajaonekana. Tuna watu ishirini juu ya mlima na hatuoni hata mikono yetu."

Nilisikitika. Wallahi, nilisikitika. Nikamwonea huruma maskini yule, peke yake kwenye baridi ile, nikamwombea dua moyoni Mungu amsahilishie. Dua ilikuwa katikati niliposhusha macho kwenye birika, nikaiona kofia.

Nilifungua zipu ya koti, mpaka ikaonekana namba arobaini na moja. Yule mtu akaitazama. Akatazama birika, akatazama viatu vyangu pembeni ya moto, akatazama soksi zangu. Nilitaraji anitukane. Angenitukana ningepata la kujibu.

"Alhamdulillahi" ya kwao ni pumzi tu. Alipumua. Akatoa redio kwenye koti lake, akasema, "Mzima. Yupo mzima. Teremkeni wote." Kisha akaniambia, "Vaa viatu, utapata baridi."

Aliponifikisha kijijini kwa gari yake, watu walikuwa wakiteremka mlimani wawili wawili, wameroa, wengine na tochi mchana. Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja alinitia blanketi mabegani, nami nilikuwa mkavu kuliko wote uwanjani. Shemeji alikuja mbio akanishika uso kwa mikono miwili kama mtu anayekagua tikiti sokoni.

"Uko mzima? Umevunjika popote?"

"Mzima."

"Ulikuwa wapi?"

"Nakunywa chai."

Akaniachia uso. "Rudia."

Wakati ule ule walitokea watu wawili wamemkamata bibi wa meza huku na huku, mguu wake mmoja haugusi ardhi. Kumbe alikuwa amehesabu vipande akavikuta sitini na viwili, akahesabu tena, akavaa koti lake akapanda mwenyewe, wa kwanza kabla ya wote, kwa sababu anaujua mlima kuliko wao. Karibu na lile lango, akiliita jina langu alilolisoma kwenye fomu, jina ambalo hakujua kulitamka, aliteleza kwenye jiwe.

Akaniona. Akanyoosha mkono.

"Arobaini na moja," alisema. "Nipe kipande changu."

Nikakichana nikampa. Akakitunga kwenye waya pamoja na vyengine, akavihesabu vyote huku amesimama kwa mguu mmoja, taratibu, mpaka sitini na tatu. Ndipo akakaa chini na kukubali kuvuliwa kiatu. Kifundo kilikuwa kimevimba kama chungwa.

Nilikuwa bado nakitazama kifundo kile shemeji aliponiletea simu yake. "Zungumza na nyumbani," alisema. "Nilimpigia dada yangu saa tisa u nusu. Sikuwa na njia. Niliona umekufa."

Saa tisa u nusu ya kule ni saa kumi na mbili u nusu ya Muscat, Magharibi inakaribia. Mke wangu alikuwa nyumbani kwa mamangu Al Khoudh, jikoni pamoja naye, wanapika. Shemeji alimwambia mke wangu, na mke wangu ni mtu asiyeweza kuficha kitu usoni, basi mamangu akamnyang'anya simu. Akaambiwa: mwanao amepotea mlimani, kuna ukungu, wanamtafuta.

Sauti yake ilikuja ndogo. "Mwanangu? Ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Mzima."

"Ulipotea?"

Neno lilitoka kinywani mwake, si mwangu. Amelileta yeye, limeshakunjwa, limeshafungwa, tayari kuchukuliwa. Mimi nilipokea tu.

"Nilipotea, mama. Ukungu ulikuwa mkubwa."

Shemeji alikuwa amesimama hatua moja. Alinitazama, akatazama mlima. Mpaka leo hajamwambia mtu.

Kesho yake nilikwenda nyumbani kwa bibi na kopo la halwa niliyoichukua Muscat kwa ajili ya zawadi. Amekaa kibarazani, mguu juu ya kiti. Nilikuwa nimeweka pesa katika bahasha. Nilimwambia ukweli wote, bila kupunguza: lango, kibao, mabirika mawili.

"Chai ilikuwa nzuri?" aliuliza.

"Nzuri."

"Yetu ilikuwa bure."

"Najua, mama."

Nikaitoa bahasha. Akaitazama kama mimi ninavyotazama hundi. "Weka," alisema. "Mguu wangu hauna bei unayoijua wewe. Mimi nna bei nyengine. Kiangazi kijacho unakuja, unakaa juu kileleni na daftari, unawaandika wanaopita mpaka wa mwisho. Mvua ikinyesha unaandika. Huli, hunywi chai, mpaka wote waishe."

Akaingiza mkono mfukoni akanipa kipande changu, kimetobolewa na waya. "Uje nacho."

Nilisema sawa. Sikupunguza hata robo saa. Shemeji, aliyekuwa ananisubiri garini, nilipomwambia, alisema ndiyo mara ya kwanza kunisikia nimekubali bei ya mwanzo. Nilitoka pale nimelemewa lakini mwepesi, kama mtu aliyeandikiwa deni lake kwenye karatasi akajua mwisho wake.

Nilidhani yamekwisha.

Muscat walinipokea kama aliyetoka vitani. Majirani walikuja, mashangazi walikuja, vyungu vya pilau vikaja. Kila aliyekuja alitaka kusikia ukungu ule, na mimi ni muuzaji, nikiona mteja ametega sikio siwezi kumwacha. Siku ya kwanza ukungu ulikuwa mzito. Siku ya tatu ulikuwa na mbwa mwitu. Mamangu anakaa pembeni na tasbihi yake, kila nikifika penye baridi anafumba macho.

Jumatatu iliyofuata nilipita nyumbani kwake mchana, nikamkuta sebuleni amelala, midomo mikavu. Jikoni hakuna kikombe. Nikamuuliza dada yangu, ambaye ndiye anayekaa naye.

"Amefunga," alisema.

"Amefunga nini? Daktari amemkataza. Hata Ramadhani hafungi, analisha maskini, mwaka wa tatu huu."

"Nadhiri. Siku ile ulipopotea, pale pale na mwiko mkononi, alisema ukirudi salama atafunga siku saba. Anafunga Jumatatu na Alkhamisi."

Nilirudi sebuleni. Alikuwa ameamka.

"Mama, sukari yako."

"Sukari yangu naijua."

"Hata Ramadhani umesamehewa."

"Ramadhani nimesamehewa na mwenyewe aliyeiweka," alisema. "Hii nimeitaka mimi. Biashara nimefanya mimi, bei nimetaja mimi, mali nimepokea. Nisilipe? Wewe mfanyabiashara, n'ambie."

Mali ni mimi. Miaka ishirini na sita ya duka, sijapata kumuuzia mtu kitu ambacho tayari kilikuwa chake. Nimemuuzia mamangu mtoto wake aliyekuwa amekaa pembeni ya moto anakula jamu.

Katika kazi yetu kuna jambo moja ambalo hata mimi, pamoja na ujanja wangu wote, siligusi. Spea ikiwa na ufa, unamwonyesha mnunuzi ule ufa. Ukiuficha, uuzaji ule hauna baraka, na akigundua una wajibu wa kumrudishia pesa zake zote. Lakini saumu utairudisha vipi? Utamrudishia nani mchana wa Agosti, nyuzi arobaini na tatu nje, mama wa miaka sabini na sita amelala na kitambaa kibichi juu ya paji la uso?

Nilimwambia shemeji. Tulikuwa kwenye gari, tumetoka Qurayyat kununua samaki.

"Mwambie," alisema.

"Akijua atafunga vile vile. Nilirudi salama, si ndiyo sharti lake?"

"Basi kamuulize sheikh. Labda nadhiri ya mtu aliyedanganywa ina hukumu yake. Labda kuna kafara, mkalisha watu mkamaliza."

"Sheikh wa mtaa ni mteja wangu. Atajua ni mimi."

"Shemeji," alisema, na alikuwa anatazama barabara, "juu ya mlima ule mimi nilikulilia. Mbele ya Wazungu. Sikukudai. Lakini yule mama si saizi yako ya kumchezea." Akawasha redio ya gari, na ndiyo ikawa mwisho wa mazungumzo.

Alkhamisi iliyopita ilikuwa ya nne. Dada yangu alinipigia dukani baada ya Alasiri. Nilifika nikamkuta mamangu amekaa sakafuni jikoni, mgongo umeegemea friji, mikono inatetemeka. Dada alikuwa amempima: sukari imeshuka mpaka tatu nukta moja. Amemshikia glasi ya maji ya sukari, naye amefunga midomo kama mtoto anayekataa dawa.

"Kunywa, mama," nilimwambia. "Mungu hataki hivi."

"Zimebaki dakika ngapi?"

"Arobaini."

Aliitazama saa ya ukutani, kisha akanitazama mimi na kunikagua, kichwa mpaka miguu. Akatabasamu. "Ningekukosa wewe," alisema, "ningefunga dakika ngapi?"

Tulisubiri. Nilikaa sakafuni karibu yake, nimemshika mkono, nikahesabu dakika arobaini, kila moja mara mbili. Kule Uskoti watu ishirini walikuwa wananitafuta kwenye ukungu na mimi sikuwemo. Pale jikoni nilikuwemo, na ilikuwa vibaya zaidi. Adhana ilipotoka akala tende, akanywa ile glasi, mkono ukatulia kidogo kidogo. Nikasema, "Mama, siku ile ya ukungu..."

Akaniwekea kiganja mdomoni. "Usin'kumbushe. Nikikumbuka nna khofu mpaka leo."

Nikamkatia tikiti.

Nimekaa na hili siku mbili. Nimeona kitu ambacho kinanitia haya kuliko ile chai. Kila nilipopima nimwambie au nisimwambie, niliweka sukari yake upande mmoja wa mizani, na upande wa pili niliweka aibu yangu. Na mizani ikachukua saumu nne kuamua. Mtu akija dukani kwangu na mizani kama hiyo namfukuza.

Yule bibi niliweza kumlipa kwa sababu nilimwambia ukweli kwanza, ndipo akaweza kutaja bei. Mamangu anataja bei gizani. Huenda akijua ataendelea kufunga, huenda sheikh atampa kafara, huenda atanifukuza sebuleni kwake, na hilo nalo ni bei. Lakini ni yake kuitaja.

Leo ni Jumamosi. Jumatatu ataamka ale daku, mkate mdogo na maziwa, peke yake jikoni ili asimwamshe dada. Kwa hivyo siulizi kama nimwambie, hilo nimeshalihesabu. Nauliza namna. Kipande changu ninacho hapa, namba arobaini na moja, tundu la waya katikati. Wewe uliyewahi kukaa mbele ya mamako na jambo kama hili, nishauri kabla ya kesho Magharibi: nianze na habari ya ile chai, au nimtie kipande hiki mkononi, nikae kimya, nimwache yeye aulize ni cha nini?